Nyumba ya Babu, Hati ya Nyanya: Kisa cha Nyumba Moja ya Kibokoni

Nyumba yenyewe iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Sitaitaja kwa nambari wala kwa ukoo, maana mirathi yake ina watu walio hai na baadhi yao hawasemezani. Ina orofa moja juu. Chini mna duka la mbele na vyumba vya nyuma, juu vyumba vya kukaa na roshani ya mbao iliyotokeza juu ya njia. Paa la mbele ni vigae, la nyuma ni bati.

Mambo yalianza mnunuzi alipokuja. Hakuitaka nyumba, alitaka kiwanja chake, abomoe ajenge fleti. Dalali aliyemleta aliwaambia wenyewe kwamba vibali ni kazi yake, wao watie saini tu. Ndipo jamaa walipogawanyika. Kuna waliotaka kuuza, kuna waliosema nyumba ni wakfu haiuziki, na kuna waliosema nyumba ni ya kihistoria na serikali haitakubali. Mimi niliitwa kwa sababu nasoma hati za zamani, zikiwemo zile za herufi za Kiarabu, na swali nililopewa lilikuwa fupi: nyumba hii ina umri gani? Waliotaka kuuza walitumai nitasema ni ya juzi juzi. Waliokataa walitaka karne tatu.

Bi mkubwa wa nyumba, aliyezaliwa humo na yungali anakaa juu, alikuwa na jibu lake tayari.

"Mwanangu, nyumba hini ni ya babu. Ina miaka miatatu. Ilikuweko kabula ya Mreno."

Nikamwambia, "Bi, Mreno alianza kujenga Ngome ya Yesu 1593. Kabla yake basi ni zaidi ya miaka mia nne."

"Haya, mianne," akasema, na hakutabasamu.

Madai haya utayasikia katika nusu ya nyumba za Mji wa Kale, na sidhani wenyewe wanadanganya. Mji wenyewe ni wa kale kweli. Msikiti wa Mandhry unasemekana ni wa 1570, na watu walikuwa wakiishi Mvita karne nyingi kabla ya hapo. Lakini Wareno waliuchoma mji huu 1505, wakarudi tena 1528, na yaliyofuata, kutoka mzingiro wa Waomani wa 1696 hadi 1698 mpaka vita vya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, vilivyokwisha 1837, hayakuacha paa nyingi zimesimama. Kiwanja chaweza kuwa na karne tano na ukuta ulio juu yake ukawa na moja na nusu. Watu huchanganya viwili hivyo, na ni rahisi kuchanganya, kwa sababu mawe ya nyumba iliyoanguka ndiyo yaliyojengea nyumba iliyofuata.

Mjukuu wa bi mkubwa, kijana wa chuo, yeye hakutegemea masimulizi. Alipanda darini akashuka na kigae kimoja chekundu, akanionyesha maandishi yaliyogandamizwa mgongoni mwake: Basel Mission Tile Works, na chini yake 1865. Kwake yeye mjadala ulikuwa umekwisha. Nyumba ni ya 1865, imeandikwa.

Kigae hakidanganyi, ila mwaka ule si wa nyumba, wala si wa kigae. Wamisionari wa Basel walifungua kiwanda cha vigae huko Mangalore, pwani ya magharibi ya India, mwaka 1865, na vigae vilivyotoka hapo vilibeba mwaka wa kiwanda kuanzishwa. Viwanda vingine vya Mangalore vilifanya vivyo hivyo. Vigae hivi vilikuja Mombasa kwa jahazi na kwa meli, na mpaka leo viko juu ya paa nyingi za Mji wa Kale. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikichukua kiwanda kile na jina likabadilika. Kwa hiyo kigae cha kijana kinasema jambo moja tu, kwamba kilichomwa kati ya 1865 na miaka ya vita. Tena vigae hushushwa na kupandishwa paa nyingine. Ningekuwa na kigae peke yake nisingesema neno.

Bahati nzuri ukuta ulikuwa umejifunua wenyewe. Katika ukumbi wa chini plasta imebanduka sehemu ya ukubwa wa mlango, na ndani yaonekana mawe ya matumbawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yamelazwa ndani ya chokaa na udongo mwekundu. Ukiitazama chokaa kwa karibu utaona vijipande vyeusi vya makaa. Ndivyo ilivyokuwa chokaa ya tanuu la kienyeji: matumbawe yalipangwa juu ya kuni yakachomwa pamoja nazo, na makaa yakabaki humo humo. Ukuta una unene wa zaidi ya nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana hauzidi mita tatu, na ukiinua macho waona sababu, kwani dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali. Nyumba zote za mawe za pwani hii, kuanzia Lamu, zimepimwa na mti huo.

Ukipanda ngazi waingia nyumba nyingine. Kuta za juu ni nyembamba, madirisha ni marefu, na chumba cha mbele kina upana usioweza kuvukwa na boriti. Dari yake imelala juu ya mihimili ya chuma. Kwenye mmoja wao, chini ya tabaka za rangi, jina la Dorman Long lasomeka kwa kidole kabla ya kusomeka kwa jicho. Hii ni kampuni ya Middlesbrough, Uingereza, iliyoanzishwa 1875. Roshani nayo ni ya mtindo wa Kihindi, mbao za msaji, na mikono inayoibeba imechongwa maua. Basi orofa ya juu haikuweza kujengwa 1865, na vigae vilivyo juu yake vilipanda pamoja nayo au baadaye. Ukizingatia chuma, vigae na roshani kwa pamoja, wakati unaofaa ni ule wa kati ya reli na vita. Kazi ya reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na nyuma yao wakaja makarani, wafanyabiashara na mafundi, na mji uliobanwa baina ya Ngome na Bandari ya Kale haukuwa na vyumba vya kuwatosha. Mwenye nyumba ya mawe ya chini aliyeweza kuipandishia orofa alikuwa na mpangaji kabla rangi haijakauka.

Hapo ndipo nilipouliza: nani aliipandisha? Wote walijibu kwa sauti moja. Babu.

Bi mkubwa huweka karatasi zake ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda. Ndani yake mna risiti za kodi za manispaa zilizofungwa kwa uzi, hati moja ya umiliki kwa Kiingereza, na karatasi moja nene iliyokunjwa mara nne, ya herufi za Kiarabu. Hati ya Kiingereza ilitolewa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, sheria iliyowataka watu wote wa pwani wenye kudai ardhi waje mbele ya msajili wathibitishe, na ambacho hakikudaiwa kikahesabiwa kuwa cha serikali. Wengi walipoteza kwa njia hiyo. Ukoo huu haukupoteza, kwa kuwa kuna mtu alikwenda kudai. Jina lililoandikwa kwenye hati ni la mwanamke.

Hati hiyo ilikuwa imekaa mkebeni miaka yote, na watu walikuwa wameishika mkononi. Hakuna aliyelitilia maanani jina. Waliliona wakadhani ni mambo ya makarani, au kwamba babu aliandikisha kwa jina la mkewe akwepe kodi. Nilisikia maelezo kama manne ya kwa nini nyumba ya babu iliandikwa jina la nyanya, na hata moja halikusema kwamba nyumba ilikuwa ya nyanya.

Karatasi ya Kiarabu ndiyo iliyokuwa imeleta hofu. Mmoja wa waliotaka kuuza aliwahi kuipeleka kwa mtu asomewe, akarudi na habari kwamba nyanya aliuza nyumba zamani, na kwamba pengine warithi wa Mhindi fulani watakuja kuidai. Na kweli neno la kuuza limo. Mwanamke, aliyetajwa kuwa mjane, amemuuzia mfanyabiashara wa Kihindi nyumba yake ya mawe, aliyoirithi kwa babake, kwa rupia kadhaa. Kisha mistari miwili chini yake inasema ana khiyari ya kuirudisha akilipa fedha ileile ndani ya muda uliowekwa, na kwamba wakati huo atakaa humo kwa kodi.

Hii ni bei khiyari, na aliyekulia karatasi za Unguja na Mombasa za karne ya 19 ataitambua kwa mstari wa kwanza. Dini inakataza riba, na mkopeshaji naye hatoi fedha bure, basi ikapatikana njia ya katikati. Mkopaji anauza nyumba, anabaki kuwa mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe, kodi inasimama mahali pa faida, na akilipa deni nyumba yarudi. Mashekhe wamebishana juu yake tangu hapo na sitaingia katika ubishi wao. Linalotuhusu ni kwamba karatasi hii ni mkopo uliovaa nguo ya mauzo. Mgongoni pana maandishi ya mkono mwingine yanayosema fedha imefika na mali imerudi kwa mwenyewe. Na kama hayo hayatoshi, hati ya sheria ya 1908 ilitoka baadaye kwa jina la nyanya bila ya mtu kumpinga.

Mwaka wa Hijria ulioandikwa unaangukia miaka ya mwisho ya karne ya 19. Fedha ni rupia, na rupia ilikuwa sarafu ya hapa mpaka 1920. Katika mipaka ya nyumba, iliyotajwa kwa majirani kama ilivyo desturi, nyumba inaelezwa kuwa ya chini, yaani isiyo na orofa. Nilipofika hapo niliwasomea wote kwa sauti. Nyanya alirithi nyumba ya chini kwa babake, akafiwa na mume, akakopa, akapandisha orofa wakati mji umejaa wageni wa reli, akapangisha, akalipa deni. Babu alikuwa mume aliyehamia kwa mkewe, jambo la kawaida kabisa kwa Waswahili wa miji ya mawe, ambako baba alimpa binti nyumba ili mume amfuate. Alikuwa amefariki kabla roshani haijapigwa msumari wa kwanza.

Ukumbini palizuka kelele, na zilikuwa na sababu, maana babu alikuwa na wake wawili.

Wazao wa mke wa pili ndio wanaokaa vyumba vya nyuma vya chini. Wamekaa humo vizazi viwili, na siku zote walihesabiwa miongoni mwa warithi wa nyumba ya babu. Ikiwa nyumba ni ya nyanya, wao si damu yake. Lakini bado kulikuwa na mlango mmoja. Mke akifariki na kuacha watoto, mume hurithi robo. Kama babu angeishi kuliko nyanya, robo hiyo ingekuwa yake, na baada yake ingewashukia watoto wake wote, wa wake wote wawili. Neno "mjane" katika karatasi ile lilifunga mlango huo. Mume aliyetangulia kufa harithi kwa mkewe.

Nyanya aliacha wana wawili na mabinti watatu. Mwana huchukua mafungu mawili na binti moja, hivyo nyumba iligawanyika mafungu saba: kila mwana 2 ya 7, kila binti 1 ya 7. Mmoja wa wana ndiye babake bi mkubwa. Naye alifariki akaacha mke, wana watatu na binti mmoja. Mke alipata thumni yake, yaani moja ya nane, na alipofariki, ikarudi kwa wanawe haohao kwa mafungu yaleyale, kwa hiyo mwishowe 2 ya 7 ile iligawanywa kwa saba tena, na binti akapata 2 ya 49. Huyo ndiye bi mkubwa, aliyezaliwa humo, anayelipa maji na kufagia ngazi, na ambaye kila mtu hudhani nyumba ni yake. Mnunuzi akitoa shilingi milioni moja, fungu lake ni shilingi 40,816. Na huo ni ukoo wa mwana mmoja tu. Binti mmoja aliolewa Lamu, mwingine wazao wake wako Maskati, na wa mwana wa pili wametapakaa kutoka Malindi hadi London.

Niseme wazi ninavyoona. Mgawanyiko huu, unaolaumiwa kwamba ndio unaoangusha nyumba za Mji wa Kale, ndio uliokuwa umeisimamisha hii. Wanunuzi walikuwa wamekwisha kuja kabla ya huyu, kila mmoja akashindwa kupata saini zote. Ingekuwa ya mtu mmoja mwenye shida ya fedha, leo ingekuwa jengo la orofa saba au nane lenye vioo vya buluu.

Wanaosema ni wakfu niliwajibu kwa karatasi zilezile. Mali ya wakfu haiuzwi, haiwekwi rahani, hairithiwi. Nyanya aliiuza kwa khiyari akaikomboa, kisha akaiandikisha kuwa milki yake. Angeweza kuiweka wakfu baadaye, lakini hapana karatasi wala shahidi, na wazao wake wameirithishana tangu hapo bila ya mtu kutaja wakfu mpaka mnunuzi alipobisha hodi.

Lililokuwa likiiua nyumba ni jingine, na lilitoka kwa mapenzi. Baada ya gati za maji marefu za Kilindini kufunguliwa katika miaka ya 1920, biashara ilihamia upande ule, na Bandari ya Kale ikabakiwa na majahazi. Wapangaji wenye fedha waliondoka na walioingia walikuwa wa kodi ndogo. Kisha sheria ya kudhibiti kodi, ambayo bado inalinda nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ikawaacha wenye nyumba na mapato yasiyonunua hata mbao za dirisha moja. Nyumba ikachoka. Ndipo mmoja wa warithi wa ng'ambo akaona haya, akatuma fedha ukuta wote wa chini upigwe plasta ya saruji na rangi ya mafuta, ndani na nje. Ilipendeza kama miaka mitatu.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, na hapa ardhi na upepo vyote vina chumvi. Chokaa huyapitisha maji hayo yakakauka nje. Saruji huyafungia. Maji yakikosa njia hupanda juu, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na plasta hubanduka vipande vizima na kuondoka na uso wa jiwe. Kibaya zaidi ni ncha za boriti zilizozama ukutani. Zikiwa kwenye chokaa hukaa karne. Kwenye ukuta uliolowa huoza kwa ndani bila ya kuonekana. Nilichomeka bisibisi kwenye boriti ya tatu kutoka mlangoni, juu kabisa inapoingia ukutani, ikazama mpaka mpini. Nje, ile boriti ilikuwa nzima na imepakwa rangi vizuri.

Kuhusu kubomoa, jibu lilikuwa rahisi kuliko walivyofikiri. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi lililotangazwa rasmi, na chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 mwenye nyumba habadilishi uso wa jengo, seuze kulibomoa, bila idhini. Majengo marefu yaliyochomoza humo hayaondoi sheria. Nilimshauri mnunuzi aulize mwenyewe ofisi ya uhifadhi kabla ya kulipa arubuni. Aliuliza. Hakurudi, na dalali naye akabadilisha nambari ya simu.

Umri niliowaandikia ni huu: orofa ya juu ni ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, imejengwa na nyanya kwa mkopo wa bei khiyari, na sehemu ya chini ni ya babake au ya waliomtangulia. Bi mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kwenye karatasi pameandikwa jina la nyanya lote, na babake. Nikamsomea. Akasema liandikeni hilo jina kwanza, mambo ya miaka baadaye.

Warithi walikwenda kwa Kadhi kuthibitisha mafungu. Wazao wa mke wa pili hawakupata fungu, na kwa muda ilionekana watatolewa. Waliopinga kutolewa kwao ni upande wa bi mkubwa, kwa hoja kwamba hao ndio waliokuwa wakiziba paa mvua ikivuja wakati warithi wenyewe wako London. Ikaandikwa sulhu kwamba watakaa vyumba vyao kwa kodi, na kodi hiyo pamoja na ya duka isigawanywe kwa mafungu bali iingie katika matengenezo, kwa miaka waliyokubaliana. Nadhani ni uamuzi mzuri kuliko wote uliotolewa ndani ya ukumbi ule, hasa ukikumbuka kwamba ukigawa kodi ya duka kwa 49 hakuna atakayepata nauli ya kuja kuichukua.

Saini mbili bado hazijafika, zote za Maskati. Kazi imeanza bila kuzingoja, kwa idhini ya ofisi ya uhifadhi. Boriti tano zimebadilishwa, na saruji ya ukuta wa chini imebanduliwa yote. Fundi ameroweka chokaa ndani ya pipa uani na amekataa kuipiga mpaka masika ipite na ukuta ukauke, ingawa mwenye duka humuuliza kila asubuhi lini vumbi hili litakwisha.